Umbile la Mji na Hewa Ukaa ya Majumba Yake

Chukua nyumba mbili za vyumba vitatu: tofali moja, bati moja, familia ya watu sita kila nyumba. Moja iko Kikwajuni, katika mji wa Zanzibar, imebanana na jirani kulia na kushoto, mbele yake kuna mwarobaini. Nyingine iko Tomondo, pembeni mwa mji, imesimama peke yake katikati ya kiwanja kilichofyekwa mpaka mzizi wa mwisho. Ikifika miezi ya kaskazi, uniti za Tukuza, yaani umeme wa kulipia kabla, katika nyumba hizi mbili hazitakwenda sawa, hata kama watu wake wana tabia moja na vyombo vyao ni vile vile. Sehemu ya tofauti hiyo haimo ndani ya nyumba. Imo mtaani.

Umbile la mji ni namna majumba, njia, viwanja, miti na maeneo ya wazi yalivyokaa pamoja. Ndani yake mna upana wa njia, kimo cha majengo, nafasi baina ya nyumba na nyumba, upande zinakoelekea, na ukubwa wa ardhi ambayo mji umeitandaza ukilinganisha na watu wake. Hewa ukaa ya majumba nayo ina mafungu mawili. Fungu la kwanza ni ile inayotoka kila siku nyumba ikitumika: umeme wa feni, friji na kiyoyozi, mkaa na gesi ya jikoni, mafuta ya jenereta. Fungu la pili hutoka mara moja, kabla hata mtu hajahamia: katika kuchoma saruji, kuyeyusha chuma cha nondo, kutengeneza bati na vigae, na kuvisafirisha vyote hivyo. Jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi lilikadiria kwamba mwaka 2019 majengo yalihusika na takriban asilimia 21 ya gesi joto zote duniani, na kwamba saruji na chuma cha kujengea vilibeba karibu asilimia 18 ya fungu hilo la majengo.

Kwa Unguja moshi wa fungu la kwanza hauonekani, na ndiyo maana watu hawaufikirii. Umeme wetu mwingi unatoka bara kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Waya wa mwanzo uliwashwa mwaka 1980, na wa pili, wenye uwezo wa megawati 100, ukaja mwaka 2013. Kiyoyozi kikiwashwa Kiembesamaki, sehemu ya umeme wake inatokana na gesi asilia inayoungua bara, kama pale Kinyerezi, Dar es Salaam. Hesabu ni ya kwetu ingawa bomba la moshi liko ng'ambo ya bahari.

Sasa tuliangalie joto, maana huku kwetu ndilo linalokula umeme. Kiyoyozi cha kawaida cha chumba cha kulala, kile cha BTU 12,000, kinavuta karibu kilowati moja kikifanya kazi kwa nguvu. Feni ya dari inavuta wati 50 hadi 75. Yaani chumba kimoja chenye kiyoyozi kinaweza kuwa sawa na feni kumi na tano. Kwa hiyo swali kubwa la umbile la mji katika kisiwa cha nyuzi sita kusini mwa ikweta ni moja: je, mtaa huu unamwezesha mtu kulala kwa feni, au unamlazimisha anunue kiyoyozi?

Jua lina mwendo wake hapa, na mwendo huo hauendani na vitabu vya ujenzi vya Ulaya. Mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba linapita utosini kabisa. Mwezi wa Juni saa sita mchana linakuwa upande wa kaskazini, Disemba limehamia kusini, lakini nyakati zote hizo liko juu, na upenu wa kawaida unatosha kuukinga ukuta wa kaskazini au wa kusini. Ukuta wa magharibi ndio wenye shida. Saa kumi jioni jua limeshuka, linaingia chini ya upenu moja kwa moja mpaka kitandani, na ukuta unalihifadhi joto hilo hadi saa nne usiku. Nyumba iliyotandaza upande wake mrefu kuelekea magharibi itakuwa na joto hata fundi awe hodari namna gani. Na mara nyingi mwenye nyumba hakuchagua. Kiwanja chake kilikatwa kikaelekea hivyo kwa sababu njia ilipitishwa hivyo.

Upepo nao una pande zake. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, takriban Disemba hadi Machi, na huo ndio msimu wa joto kali. Kusi inashika katikati ya mwaka kutoka upande wa pili. Mwili wa binadamu katika hewa yenye unyevu kama yetu hupoa kwa jasho kukauka, na jasho halikauki pasipo upepo. Jengo refu likisimama kiambaza mbele ya upepo, nyuma yake hutokea kivuli cha upepo chenye urefu wa mara kadhaa ya kimo chake. Wanaokaa humo wanajua. Wao ndio wa mwanzo kuweka kiyoyozi.

Mji Mkongwe, ambao tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia, ndio watu wanaoutaja kwanza ikizungumzwa nyumba zenye ubaridi. Una sifa hizo kwa haki. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zina unene wa nusu mita na zaidi, kwa hiyo joto la mchana linachukua saa nyingi kupenya. Vyumba ni vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazifiki mbali, dari ziko juu, na nyumba nyingi zina uwanja wa ndani unaovuta hewa. Halafu kuna vichochoro: Kiponda, Hurumzi, Malindi, njia nyembamba zilizojipinda kati ya majumba marefu, ambamo jua linafika chini kwa muda mfupi tu wa siku. Kuta mbili zinazotazamana zinatiliana kivuli. Hapo umbile la mji linafanya kazi ya kiyoyozi bila ya mita.

Lakini nisiupambe mno. Kichochoro kinachozuia jua mchana kinazuia joto lisitoke usiku. Mawe, zege na lami hupoa kwa kulirudisha joto angani, na kadiri mtu akisimama njiani anavyoona mbingu kidogo, ndivyo njia ile inavyochelewa kupoa. Ndiyo sababu mojawapo ya watu kukaa barazani jioni, na ya nyumba nyingine kujengewa kibanda cha kupungia upepo juu ya paa. Na tangu majumba mengi yageuzwe hoteli, vichochoro vimepata mzigo mpya. Kiyoyozi hakiui joto, hulihamisha tu: hulitoa chumbani, kikalimwaga njiani, pamoja na joto la mota yake. Katika njia ya upana wa mita mbili, joto hilo halina pa kwenda. Jirani aliyekuwa akitegemea dirisha lake sasa analifunga, naye ananunua kiyoyozi.

Kuna utafiti mmoja unaofaa kutajwa hapa. Mwaka 2018 watafiti waliohusiana na chuo cha MIT cha Marekani walichapisha kazi iliyotumia mbinu za fizikia za kuchunguza mpangilio wa atomu, wakazitumia kwenye majengo ya miji. Miji mingine, kama Chicago na New York, majengo yake yamepangika kwa mistari iliyonyooka kama atomu za fuwele. Mingine, kama Boston, imekaa ovyo ovyo kama atomu za kimiminika au kioo. Waligundua kwamba miji iliyonyooka inahifadhi joto zaidi wakati wa usiku ikilinganishwa na mashamba yaliyoizunguka. Sababu ni kwamba kuta zinazotazamana uso kwa uso zinarushiana joto kama watoto wanavyorushiana mpira, na kila ukuta unalidaka kabla halijafika angani.

Matokeo hayo ni ya miji ya Marekani, na sitadai kwamba nambari zake zinaingia Shangani, huko Mji Mkongwe, moja kwa moja. Ninachokichukua ni kile kinachotendeka baina ya kuta. Kuna tofauti moja pia ambayo inatugusa kuliko inavyowagusa wao. Chicago ina theluji, na joto linalonaswa na mji linampunguzia mtu gharama ya kupasha nyumba wakati wa baridi, kwa hiyo hasara ya kiangazi inafidiwa kidogo. Unguja hakuna anayewasha hita. Kila nyuzi ya joto inayonaswa na mtaa wetu ni hasara mwaka mzima.

Nyumba kushikana ni jambo jingine, na hili linaeleweka kwa hesabu ya skuli. Fikiria nyumba nne, kila moja mita kumi kwa kumi, kimo mita tatu. Zikiwa mbali mbali, kuta za nje zote pamoja ni mita za mraba 480, na mapaa ni 400, jumla 880 zinazopigwa na jua. Zipange nyumba hizo hizo mbili chini na mbili juu, zikishikana ubavu: kuta za nje zinakuwa 360 na paa 200, jumla 560. Nafasi ya kuishi haikupungua hata chumba kimoja. Paa ndilo lililonufaika zaidi, na katika nchi ambayo jua linapita utosini, paa la bati lisilo na dari nzuri ndilo jiko la nyumba nzima. Saruji, nondo na bati navyo vimepungua pamoja na kuta.

Hiyo hesabu ina mpaka wake. Ukizibananisha mno, upepo haupiti. Nyumba inataka dirisha pande mbili zinazokabiliana, na mtaa wa nyumba zilizoshikana pande zote nne unamnyima mtu dirisha la pili. Ndio sababu wajenzi wa zamani waliacha uwanja wa ndani.

Ng'ambo ya mkono wa bahari uliofukiwa pale Darajani, umbile ni jingine. Nyumba za Ng'ambo za asili zilikuwa za fito, udongo na makuti, zenye ukumbi katikati na uwani nyuma. Ukizipima kwa hewa ukaa ya ujenzi, ni karibu na bure: makuti yanaota tena. Kisha likaja bati, likaja tofali la saruji, na baada ya Mapinduzi yakaja majumba ya Michenzani. Mpango wa mwaka 1968 ulichorwa na wataalamu wa Ujerumani Mashariki, nyumba za zamani zikabomolewa, na mahali pake pakapandishwa majengo marefu ya zege yaliyojipanga kando ya njia mbili pana zinazokatana. Kwa kuokoa ardhi yamefaulu: ukuta wa jirani ni ukuta wako, paa moja kwa familia nyingi, na sokoni Darajani mtu anafika kwa miguu. Ghorofa za juu zinapata upepo mzuri. Ila safu mbili zinazokatana haziwezi zote kulikabili jua kwa namna moja. Ikiwa moja imekaa vizuri, ya pili lazima upande wake mpana upate jua la jioni. Mchoraji aliyeanza na jua badala ya njia panda angechora kitu kingine. Na maji hayapandi yenyewe ghorofani. Yanataka pampu, na pampu inataka umeme.

Ghorofa pia inabadilisha jiko. Mwenye uwani anaweza kupikia mkaa. Aliye ghorofa ya tano anahangaika na moshi, na mwishowe anahamia gesi. Kwa misitu hiyo ni afueni, ingawa sidhani kama waliochora majumba yale walilifikiria.

Linalonishughulisha zaidi, hata hivyo, haliko Mjini wala Michenzani. Liko Fuoni, Tomondo, Chukwani, na kote ambako zile eka tatu tatu walizogaiwa wananchi baada ya Mapinduzi zinakatwa viwanja na kuuzwa kimoja kimoja. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar nzima. Ile ya 2022 ilihesabu 1,889,773. Watu hao lazima wakae mahali, na wengi wanajenga nyumba ya chini, peke yake, katikati ya kiwanja. Kisha wanazungushia ukuta.

Huo ukuta wa uzio ungestahili makala yake. Kiwanja cha mita 20 kwa 25 kina mzunguko wa mita 90. Ukuta wa kimo cha mita mbili unakuwa mita za mraba 180, nao unakula matofali yasiyopungua 1,600. Ile nyumba yetu ya mita kumi kwa kumi kuta zake za nje hazizidi mita za mraba 120. Kwa maneno mengine, mtu anajenga uzio mkubwa kuliko kuta za nyumba anayoilinda, kisha uzio huo unazuia upepo katika kimo kile kile cha dirisha na kitanda. Jirani yake, kwa kuwa hawakuelewana mpaka, naye anajenga wa kwake, shibri moja pembeni.

Saruji ya kuta zote hizo ina hewa ukaa ambayo kuni wala umeme safi haziwezi kuiondoa. Jiwe la chokaa likichomwa linatoa hewa iliyofungwa ndani yake: kila tani ya klinka, yaani lile jiwe lililookwa ambalo husagwa kuwa saruji, inatoa karibu nusu tani ya hewa ukaa kutoka kwenye jiwe lenyewe, mbali na moto wa tanuri unaofikia nyuzi 1,450. Dunia nzima, saruji pekee inakadiriwa kuwa asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa yote inayotokana na binadamu. Chokaa ya zamani nayo ilitoa hewa hiyo tanuuni, lakini ikishapakwa ukutani huivuta tena kidogo kidogo kutoka hewani inapokauka na kugeuka jiwe tena.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema dawa ni umeme wa maji tu. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, kweli linapunguza hewa ukaa katika kila uniti inayovuka kuja Fumba. Lakini uniti ikisafika, fungu la saruji na nondo linazidi kuwa kubwa katika hesabu ya nyumba, na fungu hilo linapangwa na umbile la mji: nyumba ngapi zinashirikiana ukuta, paa moja linafunika watu wangapi, barabara na mabomba yanakwenda umbali gani kumfuata kila mwenye kiwanja chake. Uniti iliyo safi haipunguzi tofali hata moja.

Halafu waya ni waya. Kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa miezi mitatu bila ya umeme wa bara, na mwaka 2008 ilikuwa imeshaonja mwezi mmoja. Ile miezi mitatu iliangukia kaskazi yenyewe, joto likiwa juu kabisa. Nyumba iliyochorwa kwa kutegemea kiyoyozi, yenye madirisha madogo ya aluminiamu na ukuta uliokaa magharibi, haikukalika bila ya jenereta, na jenereta ya petroli au dizeli inatoa hewa ukaa nyingi kwa uniti kuliko mtambo mkubwa wa gesi. Nyumba yenye kivuli na upepo wa pande mbili iliendelea kukaliwa, watu wakiteseka kwa mengine, maji hasa.

Kwenda juu sana nako si jibu. Jengo la ghorofa ishirini linataka nondo na zege nyingi zaidi kwa kila mita ya sakafu kuliko la ghorofa nne, na lifti na pampu hazilali. Ninaloliona linatufaa ni mtaa wa ghorofa tatu au nne, nyumba zimeshikana ubavu, njia nyembamba zenye kivuli cha kuta na miti, na mapengo yaliyoachwa makusudi upepo upite. Si ugunduzi. Kikwajuni na Miembeni zina vipande vya namna hiyo vilivyotokea bila mchoro.

Pemba bado ina nafasi zaidi ya kuchagua. Chake, Wete na Mkoani zina majumba ya ghorofa ya namna ya Michenzani, na zimekaa juu ya vilima na miteremko ambako njia hazinyooki hata ukitaka, na upepo hauko mbali. Mashamba ya pembeni ndiyo yanayoanza kukatwa.

Na katika kukata ndiko jambo linakoamuliwa, mara nyingi na mtu mwenye kamba na vigingi kabla ya mchoraji wa nyumba kuitwa. Njia ya mtaa ikipitishwa kutoka mashariki kwenda magharibi, nyumba zitakazoikabili zitatazama kaskazini na kusini: upenu mmoja unatosha kwa jua, na madirisha yanapokea kaskazi upande mmoja na kusi upande wa pili. Ikipitishwa kutoka kaskazini kwenda kusini, kila nyumba ya mtaa ule itakuwa na uso mpana unaopigwa na jua la saa kumi. Nyumba hubomolewa na kujengwa upya, bati hubadilishwa. Njia ikishapita baina ya viwanja vilivyouzwa, nani atakubali isogezwe?